Kumfundisha Mtu Mzima Kazi

Mtu mmoja, mwenye mke na watoto, aenda kwa fundi wa matofali kutaka kujifunza kazi. Fundi ashika kalibu, atupa udongo ndani, apigapiga, akata udongo uliozidi, ainua kalibu, na tofali limelala chini, pembe zake zote nne zimesimama vizuri. "Umeona?" auliza fundi. "Nimeona," ajibu yule mtu. Angejibu nini? Yeye si mtoto. Aona haya kusema mbele ya watu kwamba mikono ya fundi ilikwenda mbio na macho yake hayakuifuata. Basi apewa kalibu. Tofali la kwanza lapasuka pembe, na la pili, na la kumi. Fundi acheka, wapita njia wasimama kutazama, na kabla ya jua kuchwa neno limekwisha kuenea: fulani ana kichwa kigumu. Kesho yake harudi.

Je, kosa ni la nani? Wengi watajibu upesi kwamba ni la mwanafunzi, kwa maana ameonyeshwa na hakushika. Lakini liko jibu jingine, nalo halikutungwa na watu waliokaa mezani kuwaza tu. Lilipatikana katika viwanda vya Marekani wakati wa vita vikuu vya pili, mahali ambapo watu kwa maelfu walipaswa kujifunza kazi wasizozijua, tena kwa haraka. Yafaa kulitazama jibu hilo polepole, kwa sababu latumika katika kiwanda kikubwa kama litumikavyo chini ya mti wa fundi matofali.

Haja ilivyotokea

Mwaka 1940 vita vilikuwa vimekwisha kuwaka katika Ulaya. Marekani haikuwa imeingia bado. Iliingia mwezi wa Desemba 1941. Lakini serikali yake iliona mapema kwamba viwanda vitatakiwa kutoa meli, ndege na silaha nyingi kupita desturi. Mashini zaweza kununuliwa, lakini fundi hauzwi dukani. Mafundi wenye ujuzi walikuwa wachache, na vijana wengi waliitwa jeshini. Mahali pao wakaja watu ambao hawajapata kukanyaga kiwanda: wakulima, watu waliokaa siku nyingi bila kazi, na wanawake wengi sana, ambao mikono yao ilijua kazi nyingi za nyumbani lakini haikupata kushika chombo cha kukatia chuma.

Basi mwezi wa Agosti 1940 ikaanzishwa idara iliyoitwa Training Within Industry, maana yake Mafunzo Ndani ya Viwanda. Wakuu wake, Channing Rice Dooley na Walter Dietz, walikuwa watu wa kampuni kubwa, waliokwisha kushughulika na mafunzo ya wafanyakazi miaka mingi.

Shida moja ya kwanza iliyoletwa kwao ilikuwa habari ya vioo. Karakana za serikali zilihitaji watu wa kusugua vioo vya darubini na vya vyombo vya kulengea shabaha. Kazi hiyo ilisemwa kuwa yataka miaka 5 ya kujifunza, na vita havingoji miaka 5. Wale wakuu hawakubishana na mafundi. Walikwenda kuitazama kazi yenyewe, siku baada ya siku, mkono kwa mkono. Wakaona kwamba lile jambo lililoitwa kazi moja lilikuwa kazi nyingi zilizofungwa pamoja. Baadhi yake zilihitaji kweli jicho la fundi mkuu. Lakini nyingine, tena zilizo nyingi, mtu mpya aliweza kuzijifunza moja moja, kama akifundishwa vema. Ile miaka ikapungua kuwa miezi.

Hapo pana jambo la kushangaza kidogo. Kwa nini mafundi wenyewe hawakuliona siku zote hizo? Si kwa ukaidi. Fundi aliyefanya kazi miaka 20 hafikiri tena juu ya mikono yake, kama vile mtu atembeaye asivyofikiri ni mguu gani utangulie. Ujuzi wake umeshuka kutoka kichwani ukaingia vidoleni, na kinywa hakina habari nao. Ukimwuliza afanyavyo, atakuambia nusu, naye atadhani amekuambia yote. Kwa hiyo mtu aijuaye sana kazi aweza kuwa ndiye aifundishaye vibaya. Yule fundi wa matofali wa mwanzo wa somo hili, tazameni vidole vyake gumba: kila tofali avibana katika pembe nne za kalibu, upesi kama kupepesa jicho. Yeye mwenyewe hajui kwamba afanya hivyo. Mwanafunzi wake hakukiona kitendo hicho, wala hakuambiwa.

Kuwafundisha wanaofundisha

Idara ile ilikuwa na watu wachache. Haikuweza kumfikia kila mfanyakazi. Ikaamua kuwafundisha wasimamizi, yaani watu wa namna ile ambao katika Kongo huitwa kapita, ili wao wawafundishe walio chini yao. Somo halikuwa juu ya chuma wala mbao, kwa sababu kazi hiyo wasimamizi waliijua tayari. Lilikuwa juu ya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba latakiwa kujifunzwa: namna ya kufundisha.

Njia yenyewe haikuwa mpya yote. Wakati wa vita vikuu vya kwanza, mwaka 1917, Mmarekani mmoja, Charles Allen, alitumika kuwatayarisha walimu wa kazi katika viwanda vya kuunda meli, na mwaka 1919 akaandika kitabu juu ya kazi ya mwalimu huyo. Alifuata hatua nne, na mzizi wake wafika mpaka kwa Mjerumani Johann Friedrich Herbart, mwalimu aliyefariki mwaka 1841. Watu wa mwaka 1940 walizichukua hatua zile, wakazifupisha mpaka zikaingia katika kadi ndogo ya kuwekwa mfukoni.

Wasimamizi walikusanyika kumi kumi, si zaidi, wakakutana mara 5, kila mara saa 2. Saa 10 tu! Mtu aweza kudharau. Lakini hawakuzitumia saa hizo kusikiliza hotuba. Kila mmoja alipaswa kuleta kazi ya kweli kutoka karakana yake na kuifundisha mbele ya wenzake, nao wakaipima. Mtu hawezi kujificha nyuma ya daftari katika somo la namna hiyo.

Fundo la waya

Siku ya kwanza mwalimu alileta kipande cha waya wa taa. Waya wa namna hiyo una nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ndani ya kishikio cha taa, kila uzi umefungwa kwa skrubu ndogo. Mtu akivuta waya, nguvu yote yafika kwenye skrubu, nyuzi zaweza kuchomoka zikagusana, na nyumba kushika moto. Kwa hiyo nyuzi hupigwa fundo ndani ya kishikio, ili fundo lipokee nguvu, skrubu zisalimike. Ni fundo dogo, lakini lina hila yake.

Mwalimu alimwita msimamizi mmoja akamweleza fundo kwa maneno matupu: uzi huu upite mbele, ule upite nyuma, kisha uingie katika kitanzi. Alisema kweli, wala hakuacha neno. Kisha akampa waya. Yule mtu akashindwa.

Akaitwa wa pili. Huyu hakuambiwa neno. Alionyeshwa tu, mwalimu akipiga fundo mbele yake. Naye akashindwa, kwa kuwa aliyekaa kumkabili mwalimu huona kulia kuwa kushoto, tena mambo mengine hupita haraka, na jicho halijui lipi ni kubwa na lipi ni dogo.

Wasimamizi waliokuwa wakitazama walikuwa watu wazima wenye cheo. Wawili kati yao wameshindwa kufunga kamba mbele ya macho ya wote, wala hawakuwa wajinga. Nani basi angeweza kusema tena kwamba mfanyakazi wake ana kichwa kigumu kwa sababu ameambiwa, au kwa sababu ameonyeshwa? Mwalimu hakuhitaji kuhubiri. Akamwita wa tatu, akamfundisha kwa hatua nne, na huyo akalifunga fundo.

Hatua nne

Hatua ya kwanza ni kumtayarisha mtu. Walimu wengi huiruka, nayo kwa mtu mzima ni kubwa kuliko zote. Mtoto huingia darasani bila kuogopa kukosea, kwa kuwa kukosea ni desturi ya umri wake. Mtu mzima huingia na heshima yake mkononi kama yai. Ana watu nyumbani wamtegemeao, na vijana wamwitao baba au mama. Akichekwa siku ya kwanza, hatauliza swali siku ya pili. Kwa hiyo mwalimu huanza kwa kumtuliza: humsalimu, huzungumza naye kidogo, humwambia ni kazi gani watakayofanya na ni ya faida gani. Kisha humwuliza alijualo tayari. Swali hilo si adabu tu. Mwanamke aliyesuka vikapu tangu utoto ana vidole vijuavyo kuvuta uzi kwa nguvu iliyo sawa. Mkulima ajua kunoa panga. Mwalimu asiyeuliza atamfundisha mtu alijualo, na huko ni kumdharau, au ataruka asilolijua. Mwisho humsimamisha mahali pafaapo, begani pake, ili waitazame kazi kwa upande mmoja. Lile kosa la kulia na kushoto hukoma hapo hapo.

Hatua ya pili ni kuonyesha kazi na kuieleza pamoja, sehemu moja moja. Mwalimu huonyesha mara ya kwanza akitaja sehemu kubwa tu. Hurudia akitaja, katika kila sehemu, lile jambo ambalo likikosekana kazi huharibika. Wala hatoi zaidi ya kile ambacho mtu aweza kukishika kwa mara moja. Fundi mwenye kiburi hukosea hapa: hutaka kumwonyesha mgeni ujuzi wake wote siku ile ile.

Hatua ya tatu ni mwanafunzi kufanya mwenyewe. Kwanza hufanya kimya, na mwalimu husahihisha kosa papo hapo, kabla mkono haujazoea kukosea. Kisha hufanya tena huku akieleza kwa kinywa chake. Ndipo mwalimu ajuapo kama mtu ameelewa au ameiga tu. Swali la "Umeelewa?" halifai kitu. Mtu mzima hujibu ndiyo kwa heshima, kama yule aliyejibu "Nimeona." Lakini akiambiwa, "Sasa nionyeshe, na uniambie kwa nini wabana hapo," jibu halifichiki. Hurudia mpaka mwalimu ajue kwamba yeye ajua, mara mbili au mara saba.

Hatua ya nne ni kumwacha, lakini si kumtupa. Hupewa kazi yake peke yake, huonyeshwa mtu mmoja wa kumwendea akikwama, naye mwalimu hupita mara nyingi mwanzoni, kisha mara chache, kisha anakoma.

Kadi ile ilikuwa na neno moja la mwisho, lililowachoma wasimamizi wengi: kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, mwalimu hajafundisha. Neno hilo ni kali, na pengine limezidi kidogo, kwa kuwa wako watu wasiotaka kazi hata wakifundishwa na malaika. Lakini kwa mwalimu ni neno lenye faida, kwa sababu lamtuma kutazama alilofanya yeye kabla ya kumhukumu mwenzake.

Kabla ya kufundisha: kuipasua kazi

Hatua nne hazifai kitu mkononi mwa mwalimu asiyejitayarisha. Kwanza yampasa kujua nani atahitaji kujua nini, na lini. Wasimamizi wale walifundishwa kuchora karatasi: kazi zote za karakana upande mmoja, majina ya watu upande wa juu, alama kwa yule ajuaye, na tarehe kwa yule atakayejifunza. Karatasi hiyo husema mambo ya kutisha wakati mwingine. Huonyesha kwamba kazi fulani yajulikana na mtu mmoja tu, naye ni mzee.

Kisha huipasua kazi yenyewe. Hachukui kalamu na kuandika anavyokumbuka. Huifanya kazi polepole kwa mikono yake, na kila inaposonga mbele huandika sehemu hiyo kwa maneno machache. Karibu na kila sehemu huandika mambo makuu. Jambo kuu ni lipi? Ni lile liwezalo kuifaulisha au kuiharibu kazi, au liwezalo kumwumiza mfanyakazi, au hila ndogo iirahisishayo kazi. Mengine yote huachwa.

Yule fundi wa matofali angefanya hivyo, karatasi yake ingekuwa fupi. Kuchovya kalibu majini, ili udongo usinate. Kutupa udongo ndani: bonge moja, kwa nguvu, kwa kuwa vipande vidogo huacha nafasi na nafasi huzaa ufa. Kubana pembe nne kwa vidole gumba, kwa kuwa pembe isiyojaa huvunjika. Kukata udongo wa juu. Kuinua kalibu wima, mikono yote miwili kwa pamoja. Ukitangulia upande mmoja, tofali hupinda. Hapo fundi angesimama na kustaajabu kidogo, maana angekuwa amekutana na vidole vyake mwenyewe.

Katika mfano huu kila jambo kuu lina sababu yake. Katika kazi ya Marekani sababu hazikuandikwa daima. Baadaye iliongezwa safu ya tatu katika karatasi, safu ya sababu. Nyongeza hiyo ni njema. Mtu mzima aambiwaye "fanya hivi" bila sababu hutii siku tatu, kisha hurudia njia yake, kwa kuwa naye ana akili na ameona mambo mengi. Mmarekani Malcolm Knowles, aliyeandika sana juu ya mafunzo ya watu wazima tangu katikati ya karne ya 20, alilisisitiza jambo hilo: mtu mzima hutaka kujua kwanza kwa nini ajifunze, huja na mambo aliyokwisha kuishi, na hujifunza vema lile atakalolitumia kesho.

Lililotokea baadaye

Baada ya somo hilo idara ilitoa mengine mawili, moja juu ya kukaa vema na wafanyakazi, na moja juu ya kutengeneza njia bora ya kazi. Idara ilipofungwa mwaka 1945, watu zaidi ya 1,600,000 walikuwa wamepewa hati, katika viwanda zaidi ya 16,000. Baada ya vita mafunzo haya yalipelekwa Japani, ambako viwanda vilikuwa vimebomoka, na kampuni ya Toyota iliyachukua katika miaka ya 1950 ikayatia katika desturi ya kazi yake. Huko Marekani, ajabu, viwanda vingi viliyasahau. Vita vilikuwa vimekwisha, mafundi wamerudi, na kila mtu akaona kwamba kuonyesha mara moja kwatosha.

Njia hii ina mpaka wake. Yafaa sana kazi ya mikono, yenye mwanzo na mwisho. Haimfundishi mtu kuamua ugomvi, wala kuongoza kikundi. Tena ile ya mwaka 1940 ilikuwa ngumu kama chuma: mwalimu alipaswa kufuata kitabu neno kwa neno, na hilo huenda lilihitajika wakati wa haraka ile, lakini mwalimu mzoefu aweza kulegeza kamba.

Zoezi la kikundi

Kwa mkutano ujao, watu wawili wajifunze kwanza fundo lile peke yao, kisha kila mmoja amfundishe mwingine kwa hatua nne. Karatasi yake ni hii. Kamba mbili zisokotwe pamoja. Kufumua ncha na kuzinyosha: urefu wa shibiri moja, kwa kuwa zikiwa fupi fundo halifungiki. Kufanya kitanzi cha kulia: ncha ya kulia ipite mbele ya kamba kuu. Kufanya kitanzi cha kushoto: ncha ya kushoto ivutwe kuelekea kwako, ipite chini ya ncha ya kwanza, kisha nyuma ya kamba kuu. Kuingiza ncha hiyo ndani ya kitanzi cha kulia. Kukaza: ncha mbili ziwe sawa, na fundo libane pale kamba zinapogawanyika.

Atakayefundishwa asiwe ameisoma karatasi hii. Kamba zenye urefu wa mkono mmoja zatosha.